Ushuhuda Niliowahi Kutoa

Maambukizi yaliyoingia kwenye damu yalipokwisha, nilitoka hospitali nikasimama kanisani, hapa mtaani kwetu Jabe, nikashuhudia kwamba Mungu ameniponya kabisa. Mimi napenda jambo liwe kamili. Ushuhuda wenye "lakini" sikuuweza. Tangu hapo nikaona aibu kuchoka. Nilifua nguo nimefunga mlango, watu wasinione nikipumzika, na kliniki sikurudi, maana mtu aliyepona anafuata nini huko?

Siku moja shangazi alinikuta nimeinamia beseni, nalia, mikono haina nguvu ya kukamua shuka.

"Mi nilishashuhudia, shangazi. Watasema nini?"

"We mutoto! Mungu ndiye alikutuma kufua na huna nguvu? Vaa viatu, twende kwa muganga wa kliniki."

Kule kliniki, muuguzi aliponiuliza hali, nilianza kusema nimepona.  Lakini nikamwambia kwamba nachoka sana.