Mkasi na Aya ya Mwisho

Jina lake halisi liko kwenye kitambulisho, na huko ndiko lilikobaki. Ofisini walimwita Mkasi, mtaani wakamwita Mkasi, na siku ya harusi yake mshereheshaji alijisahau akamtangaza Mkasi mbele ya wakwe. Mwenyewe hakuchukia. Kazi yake katika gazeti la mji ilikuwa kupanga kurasa, na mpanga kurasa, ukiondoa maneno ya heshima, ni mtu wa kukata. Mwandishi analeta habari ndefu, nafasi iliyobaki kando ya tangazo la magodoro ni fupi, basi Mkasi anaipunguza mpaka iingie. Hakuwa na ubaya na mtu. Ila alikuwa na tabia moja: alikata kuanzia chini, na alichokikata hakukisoma.

"Nikisoma nitaona huruma," alikuwa akisema. "Na nikiona huruma, gazeti halitoki."

Waandishi walimlalamikia mpaka wakachoka. Aliyelalamika kuliko wote ni msichana mmoja mgeni kazini. Aliingia chumba cha kurasa asubuhi moja, gazeti mkononi bado linanuka wino, macho yamemtoka pima, akauliza aya yake ya mwisho iko wapi. Mkasi akamjibu kwamba aya hiyo imelala salama kwenye pipa la taka. Msichana akampa vidonge vyake, vingine haviandikiki hapa, kisha akatoka na kuubamiza mlango. Baada ya hapo Mkasi akaanza kutafuta visingizio vya kupita mezani kwake, leo kaazima gundi, kesho kairudisha, na haukupita muda mrefu wakaoana. Mkiniuliza mapenzi yaliingilia wapi, nitawaambia sijui, na wao wenyewe hawajasema.

Lakini ile aya haikusahaulika. Mkasi akinung'unika kwamba mboga imezidi chumvi, mkewe atasema, "Wenzako tulikatiwa aya tukanyamaza." Akisahau kununua sabuni, mke anatikisa kichwa: "Si ajabu, huyu ndiye aliyekata bila kusoma." Nyumba nzima inacheka, Mkasi naye anacheka. Ila kila alipouliza aya hiyo ilisema nini hasa, jibu lilikuwa lilelile: "Hukuisoma wakati ule, haikuhusu sasa." Kisha mke anabadilisha mazungumzo. Mkasi alijua pale pana kidonda, akawa anapita mbali nacho.

Ikaja tovuti. Gazeti lilikuwa limedorora. Wauzaji walirudisha mafungu kwa mafungu, na wengi waliolinunua walilitaka la kufungia vyombo kuliko la kusoma. Mhariri, mzee mcheshi mwenye tumbo la heshima, aliita kikao akatangaza kwamba kuanzia sasa habari zitatoka kwanza kwenye tovuti, na karatasi itachapwa mara moja tu kwa wiki, kwa ajili ya wale wasioweza kunywa chai bila kugeuza ukurasa. Fundi wa tovuti, dada mmoja mwenye kompyuta iliyojaa vibandiko, akasimama kueleza mambo yatakavyokuwa. Alisema mengi, lakini waandishi walishika moja tu: kwenye tovuti, ukurasa hauna mwisho. Msomaji anashuka na kidole chake tu.

"Hauna mwisho?" waliuliza kwa pamoja, kisha wote wakamgeukia Mkasi kama watoto waliosikia mwalimu mkali kahamishwa.

Siku za mwanzo zilikuwa vituko vitupu. Mwandishi wa michezo aliandika habari ndefu kuliko mechi yenyewe. Mwandishi wa baraza la mji aliweka hotuba ya diwani yote, pamoja na kikohozi. Wasomaji nao, ambao zamani barua zao zilifika habari ikiwa imeshapoa, sasa walijibu kabla mwandishi hajainuka kitini: huyu anasema daraja la kwenye picha si lile, yule anasema refa ni shemeji wa golikipa. Siku moja dada wa tovuti aliweka picha ya shimo la barabarani, na kufikia mchana watu walikuwa wametuma mashimo yao kutoka kila mtaa, kila mmoja akidai lake ndilo shimo hasa. Akayapanga yote kwenye ramani. Wiki haikuisha, lori la kokoto likaonekana mjini, na Mhariri akaanza kutembea kifua mbele.

Mkasi alikaa tu, hana cha kukata. Alipanga ile karatasi ya wiki, akamaliza, akabaki kunoa penseli. Mhariri alimwona akampa kazi mpya: stoo kulikuwa na magazeti ya zamani yamefungwa kwa kamba, ayachape upya habari kwa habari, yaingie kwenye tovuti. "Hii ndiyo mali tuliyonayo peke yetu," Mhariri alimwambia. "Sharti langu moja. Kilichochapwa hakibadilishwi. Kama kilitoka na kosa, kiingie na kosa lake."

Mji uliyapokea magazeti hayo kwa furaha ambayo hakuna aliyeitegemea. Watu walitafuta magoli ya ujana wao, picha za shule, hata tangazo la mbuzi aliyepotea ambaye mwenyewe bado anaamini aliibwa na jirani. Mkasi akaanza tena kupiga mluzi ofisini. Hapo ndipo mama mkwe alipopiga simu.

"Jumapili mje wote," alisema, sauti imejaa furaha. "Nimesikia magazeti ya zamani yamo kwenye simu. Sasa watu watanisoma. Jirani yangu huyu mwenye miwani hajawahi kuniamini kwamba nilitoka gazetini. Nimemwambia aje na simu yake, asome mwenyewe kwa sauti."

Mke wa Mkasi aliiweka simu mezani taratibu, akaketi.

"Mama hayumo," alisema.

"Hayumo wapi?"

"Gazetini. Hakuwahi kuwemo." Akamwangalia mumewe. "Ile habari yangu ya bomba la maji kufika mtaani kwetu. Aya ya mwisho ilikuwa yake."

Ndipo Mkasi alipopata habari kamili, kwa mara ya kwanza tangu aingie katika ukoo ule. Siku bomba lilipofunguliwa, wa kwanza kwenye foleni alikuwa mama yake mkewe, fundi cherehani, na mwanawe mwandishi alimwuliza maswali kama anavyouliza mtu mwingine yeyote. Mama akaenda kuwatangazia wenzake kwamba atatoka gazetini. Kesho yake alinunua nakala, na kwa kuwa hakujua kusoma, akampa binti yake amsomee. Binti akasoma mpaka mwisho, akakuta mwisho si ule alioandika. Mama alikuwa ameketi mbele yake, mikono magotini, anasubiri. Basi binti akaendelea kusoma, macho kwenye tangazo la magodoro, maneno kutoka kichwani.

"Na kila mwaka hunitaka nimsomee tena," mke alisema. "Lile gazeti liko kwenye sanduku, limekunjwa mpaka limechanika, na hampi mtu mwingine kulishika. Jumapili yule mwenye miwani atasoma, atafika mwisho, atanyamaza. Mama ataaibika mbele ya watu, na atajua nilimdanganya."

 Mkasi aliona aibu, aibu kweli, ya kumfanya mtu mzima atazame vidole vyake. Neno la siri la kufungulia tovuti alikuwa nalo. Angeweza kuichomeka aya hiyo, na asingejua mtu. Alikaa mbele ya kompyuta asubuhi nzima akiliwaza jambo hilo, kisha akainuka akaenda kwa Mhariri na kumweleza yote.

Mhariri alisikiliza huku akikuna tumbo. "Kilichochapwa hakibadilishwi," alisema mwishowe. "Lakini gazeti hili limekuwa na kona ya masahihisho tangu lizaliwe. Rudisha aya, na juu yake weka sahihisho. Ila sahihisho liseme ukweli wote. Likisema nusu, hilo nalo litahitaji sahihisho."

Ukweli wote maana yake mama mkwe angejua. Mkasi alimpelekea mkewe shauri hilo jioni. Mke alifikiri, akaosha kikombe kilichokuwa tayari kisafi, akasema, "Andika. Nimechoka kusoma tangazo la magodoro."

Kisha akamtajia ile aya, neno kwa neno, na Mkasi akaiandika.

Jumapili sebule ilijaa. Mama mkwe alikuwa amevaa gauni alilolishona mwenyewe, ameketi kiti cha katikati. Jirani mwenye miwani akaitoa simu, akakohoa, akaanza. Alisoma habari ya mabomba, ya mtaro, ya hotuba ya mgeni rasmi.  Jirani akashuka na kidole, akasita.

"Hapa pana maandishi mengine," alisema. "'Sahihisho. Aya ya mwisho ya habari hii haikutoka siku ile. Mwandishi aliiandika, mpanga kurasa aliikata bila kuisoma, kwa kukosa nafasi. Mpanga kurasa anamwomba radhi mwandishi, na anamwomba radhi zaidi mama aliyetajwa ndani yake. Nafasi sasa imepatikana.'"

 Jirani, kwa kuwa hakujua afanye nini, akaendelea kusoma: "'Wa kwanza kufungua bomba alikuwa mama mmoja fundi cherehani, aliyefika na ndoo kichwani kabla ya mgeni rasmi. Alipoulizwa anajisikiaje, alicheka, akasema: Andika kwamba leo kichwa changu kimepewa likizo.'"

Mama mkwe alimgeukia binti yake. "Kwa hiyo siku zote zile, ulikuwa unanisomea nini?"

"Nilichokiandika, mama. Hakikuwa kwenye karatasi, lakini nilikiandika."

Mama aliyapima maneno hayo kidogo. "Basi hukunidanganya," alisema. "Ulinisomea kilicho changu." Kisha akamgeukia mkwewe. "Na wewe. Chai yangu yote hii unakunywa, kumbe ndiye uliyenikata?"

"Ni mimi, mama."

"Hata kuniangalia kwanza hukuniangalia?"

"Sikukuangalia, mama. Nisamehe."

 Mama mkwe akaanza kucheka, kicheko cha tumboni, hadi gauni likatikisika.

"Ndiyo maana wanakuita Mkasi! Mimi nilidhani zamani ulikuwa kinyozi!" Akajifuta machozi. "Haya. Ila na hayo mliyoandika ni machache. Nilisema mengi siku ile. Nilimtaja yule aliyechimba mtaro mpaka akaumwa mgongo."

"Hata mimi nilikuwepo," jirani akadakia, miwani imeshuka puani. "Nilikuwa wa pili kwenye foleni."

"Ulikuwa wa pili kwa sababu ulishindwa kunisukuma. Mwandike na yeye, kwamba alisukuma."

Mkasi aliitoa simu yake, akafungua ile nafasi nyeupe ya tovuti, mahali wasomaji wanapoongezea ya kwao, akaketi sakafuni karibu na kiti cha mama mkwe. Mama akasema, yeye akaandika: ndoo iliyovuja, viatu vilivyoharibiwa na tope, mgeni rasmi aliyeloa suruali, na binti yake aliyekuwa akiuliza maswali kwa sauti ya kigeni kana kwamba hawalali nyumba moja. Chai ikapoa. Mke alisogea akaketi ubavuni mwa mumewe, akawa anasoma kila mstari unavyotokea, na hakuna hata mmoja uliokatwa.

Mama mkwe akatua, akainama kuchungulia kile kioo kidogo kilichojaa maneno yake.

"Imeisha nafasi?" aliuliza.

"Haijaisha, mama," Mkasi alisema. "Endelea."