Stempu Kibogoyo ya Sista Mzee

Jumanne iliyopita, katika ofisi ya kusafirisha mizigo ndani ya jengo la Tianxiu Dasha huku Guangzhou, Uchina, binamu yangu Charo alisimama mbele ya wateja wake, akaweka mkono kifuani na kusema kwa sauti ya kusikika hadi kwenye lifti: "Rehema hakuikata ile stempu." Maneno hayo nilikuwa nimeyangoja tangu tukiwa darasa la tano. Sasa nina wajukuu.

Wewe uliyekua wakati barua moja ilikuwa habari ya mtaa mzima utanielewa upesi. Sisi tulikulia Changamwe, upande wa nyumba za reli, ambako asubuhi ilianza kwa harufu mbili zilizogombana, ya mbaazi za nazi na ya mtambo wa mafuta. Ukishamaliza mahamri yako ulilamba vidole, ukajipangusa kwa kaptura, ukakimbilia shule. Jioni wavulana walicheza gololi, wasichana mpira wa kati, na sote kibe, kujificha na kutafutana, hadi mama zetu walipoanza kuita majina kwa hasira. Lakini Jumamosi ilikuwa siku ya stempu.

Usicheke. Stempu ndiyo ilikuwa safari yetu ya ndege. Tuliziomba kwa makarani, kwa walimu, kwa kila aliyekuwa na ndugu ng'ambo. Tulizikata pamoja na kipande cha bahasha, tukaziloweka kwenye sufuria ya mama hadi gundi ikaachia, kisha tukazilaza kifudifudi juu ya gazeti. Mama hakuipenda kazi hiyo hata kidogo. "Sufuria yangu si dobi wa makaratasi!" alifoka kila Jumamosi, na kila Jumamosi tuliiazima tena. Mpaka leo nikila wali wa nazi huhisi ladha ya gundi kwa mbali.

Chama chetu kilikuwa na mkebe mmoja wa biskuti, na kwa kuwa mkebe ulikuwa wa mamake Charo, mwenyekiti akawa Charo. Sheria alizitunga yeye. Stempu zilizoshikana zitenganishwe, ili kila mtu awe na yake. Na stempu halali ina meno ya ukingoni pande zote nne. Iliyopungukiwa jino moja iliitwa pengo na thamani yake ilishuka. Iliyokosa meno ubavu mzima iliitwa kibogoyo, na kibogoyo hakuingia mkebeni. Hatukujua kwamba duniani kuna stempu zinazozaliwa vibogoyo. Tuliamini kwamba stempu isiyo na meno imeguswa na mkasi wa mtu.

Mama alikuwa mpishi katika nyumba ya masista. Humo alikaa sista mmoja mkongwe kutoka Ayalandi, ambaye sisi tulimwita Sista Mzee. Alikuja Kenya akiwa msichana na hakurudi kwao tena. Alikuwa na kikohozi kikavu, Kiswahili safi kuliko chetu, na pipi za mnanaa mfukoni. Mchana mmoja mimi na Charo tulikuwa barazani tukimsaidia mama kuchambua kunde. Sista Mzee akatoka na bahasha kuukuu, akachana pembe yake na kutupatia. Juu yake palikuwa na stempu mbili nyekundu za peni moja, moja juu ya nyingine, zimeshikana. Kila moja ilikuwa na ramani ya kisiwa.

"Hii ni nchi yetu, yote," alisema, kidole kikipita juu ya ramani. "Mama yangu hakuzinunua kwa karani. Kwetu kulikuwa na mashine ukutani. Unatia peni, stempu inatoka."

Tulimshukuru kwa adabu zote. Tulipopita kona tu, Charo akaangua kicheko. "Mashine inatema stempu? Sista amezeeka, jamani!" Nikacheka naye.

Tuliziloweka, tukazitenganisha kama sheria ilivyotaka. Mimi nikachukua ya juu, Charo ya chini, kila mmoja akaenda kukausha yake kwao. Yangu niliilaza ndani ya Biblia ya mama. Jumamosi iliyofuata nikaipeleka kwenye kikao, kifua mbele. Meno ya juu yalikuwepo, ya chini yalikuwepo. Kushoto na kulia palikuwa laini kama ukingo wa wembe.

"Kibogoyo!" wenzangu wakapiga kelele.

Nikawaambia ndivyo zilivyotoka. Charo akaweka yake mezani kimya kimya. Ilikuwa na meno pande zote nne. Yalikuwa yamepindapinda kidogo, lakini meno ni meno. Sasa niambie, ungejitetea vipi? Stempu mbili zimetoka bahasha moja, siku moja, moja ina meno na nyingine haina. Kikao hakikuchukua muda. Nikatolewa chamani, nikapewa jina: Bi Mkasi.

Jina hilo halikufia Changamwe. Lilinifuata shule ya upili. Siku ya harusi yangu, mshereheshaji alipouliza keki ikatwe na nani, meza nzima ya binamu zangu ikajibu, "Bi Mkasi!" Mume wangu alidhani ni jina la mapenzi. Nilicheka na wageni, lakini niliumia. Si stempu iliyoniuma. Iliniuma kwamba nilisema kweli na haikunisaidia.

Stempu sikuitupa. Imehama na Biblia ya mama, na mama alipofariki ikahamia kwenye pochi yangu ya pasipoti, ndani ya kifuko cha plastiki. Imevuka mipaka mingi bila kulipiwa ushuru.

Hapa Guangzhou mimi hununua bidhaa za shule katika barabara ya maduka ya Yide Lu: kalamu, rula, madaftari, na stika za watoto, zikiwemo zilizochongwa meno ili zifanane na stempu. Charo yeye alitangulia kuja huku zamani. Anakusanya mizigo ya Wakenya na Wakongo na kuipeleka bandari ya Nansha. Tukikutana, salamu yake ni ile ile: "Karibu Bi Mkasi, mzigo wako uko wapi?" Wateja wake wanadhani nauza mikasi. Mmoja aliwahi kuniulizia bei ya jumla.

Mwaka huu nikaamua kuishughulikia habari hii kwa utaratibu. Nilisoma kwenye simu maandishi ya wakusanyaji wa stempu za Ayalandi, nikakuta jambo lililonifanya nisimame katikati ya njia, mkokoteni wa makatoni ukanipita nyuma ya kisigino. Kumbe mashine za Sista Mzee zilikuwepo. Stempu za mashine zilitengenezwa kwa roli ndefu nyembamba, na nyingine zilitobolewa meno juu na chini tu, kwa sababu pembeni hapakuwa na jirani wa kuachana naye. Lakini walaghai nao walikuwepo: walichukua stempu ya kawaida, wakanyoa meno ya pembeni na kuiuza kama ya roli. Njia mojawapo ya kuwagundua ni kuilinganisha na ya kawaida. Iliyonyolewa lazima iwe nyembamba zaidi kwa upana, kwa kuwa imepoteza karatasi.

Basi nilihitaji ya kawaida. Nilizunguka vibanda vya stempu na sarafu kuukuu kwa siku zangu za mapumziko. Kila laoban, yaani mwenye kibanda, niliyemwonyesha yangu alitikisa kichwa: "Meiyou, meiyou." Hana. Wa mwisho naye alisema meiyou, kisha akaiangalia tena, akavua miwani, akavaa nyingine, akavuta boksi la viatu kutoka chini ya kiti. Humo ndani, kati ya malkia na ndege wa kila aina, ilikuwemo ramani nyekundu ya peni moja, meno pande zote nne. Niliinunua kwa bei ya bakuli la tambi. Sikuipima pale. Nilitaka ipimwe mbele ya mwenyekiti.

Ofisini kwa Charo nilimkuta Papa Kalala, mfanyabiashara wa Lubumbashi, na Shiko, msichana wa Nairobi anayeuza nguo mtandaoni.

"Bi Mkasi!" Charo akaanza.

"Leo tunamaliza, Charo," nikamwambia. "Yangu ikiwa nyembamba kuliko hii, nitalichapisha jina hilo kwenye makatoni yangu yote. Kama si nyembamba, utasimama na kunisafisha mbele ya wateja wako, na utayarudia hayo kwenye kundi la familia."

"Auntie Rehe," Shiko akadakia, akichungulia, "hiyo stika inaskaniwa wapi?"

"Hailipwi kwa simu, mwanangu. Hii unailamba."

"Ghai! Mlikuwa mnalamba barua?"

Charo alicheka, lakini alishavuta taa ya mezani. Nikampa Papa Kalala kazi ya uamuzi, maana hakuwa ndugu wa mtu. Akailaza ya kawaida juu ya yangu, akaisogeza kwa ukucha hadi ramani ikakaa juu ya ramani. Meno ya juu yakakaa juu ya meno ya juu, ya chini juu ya ya chini. Kushoto, ncha za meno ziliishia pale pale ukingo wangu ulipoishia. Kulia, ukingo wangu ulizipita ncha za meno kwa unene wa uzi.

"Voilà," akasema Papa Kalala. "Ya mama huyu iko munene. Makasi inapunguzaka tu, haiongezake."

Charo akachukua futi anayopimia makatoni, akaitazama, akairudisha kwani haikuwa na kazi. Kisha akakaa chini na kuanza kucheka, kicheko kile kile cha barazani, mpaka machozi yakamtoka.

"Rehema," akasema, "yangu nayo ilikuwa kibogoyo."

"Unasemaje?"

"Niliiona ilipokauka. Nikaogopa itakataliwa na mimi ndiye mwenyekiti! Nikachukua mkasi wa mama wa cherehani, nikaichonga meno."

"Wewe!" Shiko akapiga meza. "Kumbe wewe ndiye Bwana Mkasi!"

Ndipo akasimama, mkono kifuani, akatamka yale uliyoyasoma mwanzoni. Jioni yake akayarudia kwenye kundi la familia, na hadi sasa shangazi zetu hawajaacha kutuma picha za mikasi. Tangu siku hiyo salamu ya ofisi ile ni yangu, "Bwana Mkasi!", nami naitoa kwa sauti kubwa.

Chini ya jengo nililofikia kuna mashine inayokamua machungwa. Vijana wanaigusa kwa simu, wanachukua kikombe, wanaondoka bila hata kuitazama. Watoto wetu wana dunia nzima kiganjani, na heri yao. Lakini hawatajua utamu wa kumiliki nchi moja ndogo nyekundu, iliyolala usiku ndani ya Biblia, nawe hujui hata kama ni ya kweli.

Limebaki moja: mji aliotoka Sista Mzee. Mhuri wa posta ulipigwa katikati ya zile stempu mbili, na tulipozitenganisha tulilikata jina la mji. Kwenye yangu linasomeka neno BAILE, kisha karatasi inaishia. Nimeangalia: kwa lugha yao ni mji tu, na miji inayoanza hivyo ni mingi ajabu. Msalaba wa kaburi la Sista Mzee una jina lake la utawa, hauna la mji wa kwao. Sehemu ya jina iliyosalia ilikuwa kwenye stempu ya Charo, naye aliibadilisha kwa gololi haraka kabla meno yake hayajachunguzwa. Aliyeichukua alikuwa mtoto wa karani wa reli, na familia yake ilihamishiwa bara kabla ya muhula kuisha. Charo anakumbuka rangi ya ile gololi. Jina la mtoto halikumbuki.