Mababu wa Hodan

Asubuhi ile Kismayu nilikuwa nafundisha sehemu: nusu, robo, thuluthi. Nilikuja na mkate kutoka nyumbani niukate mbele ya watoto, maana mtoto wa darasa la tatu haielewi nusu mpaka aione ikiliwa. Mmoja akalalamika kwamba thuluthi yake ni ndogo kuliko ya mwenzake. Nikainama kuitazama, na kweli, alikuwa na haki. Nikacheka, nikamwahidi kwamba kesho nitapima kwa uzi kabla ya kukata.

Alasiri hiyo bunduki ziliingia mjini, na darasa lile sikuliona tena.

Kwanza nieleze jambo moja, la sivyo mengine hayataeleweka. Sisi watu wa pwani ya Kismayu tunaosema Kiswahili nyumbani, ukimuuliza mtu ukoo wake atakutajia baba na babu, basi. Majirani zetu Wasomali sivyo. Mtoto wao mdogo anakutajia baba, babu, baba wa babu, anapanda hivyo hadi majina kumi na zaidi bila kukwama, na kwa majina hayo unajua ni wa kabila gani. Wanaita abtirsi. Tangu utotoni nilikuwa nikiwasikiliza na kushangaa yanakaa wapi majina yote hayo. Vita vilipoanza, mwenye bunduki akikuuliza "Yaa tahay?", wewe ni nani, hataki jina lako. Anataka mababu, na wakiwa wa upande wa adui zake, anakuua hapo hapo.

Kwenye kizuizi cha kwanza kijana aliniuliza hivyo.

Nikataja langu, la baba, la babu.

"Endelea," akasema.

Sikuwa na pa kuendelea. Nikamwambia mimi ni mwalimu wa hesabu.

Akaniuliza saba mara nane.

Nikamjibu. Akatazama juu, midomo ikimcheza, anahakiki. Kisha akanipungia nipite. Mpaka leo najiuliza alisoma shule gani, na nani alimfundisha.

Kwenye kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, upande wa Kenya, nilipewa hema, ubao uliopakwa masizi, na watoto wengi kuliko mikeka. Siku ya kwanza nikafanya kama mwalimu yeyote: nikamsimamisha mtoto wa mbele, nikamuuliza kwa lugha yake, "Yaa tahay?" Watoto wawili wakapenya chini ya turubai wakatoka nje. Hapo nikajua kwamba swali lenyewe limeharibika. Tangu siku hiyo nikawa nauliza, "Leo umekula nini?" Hilo walilijibu kwa kelele, wote pamoja, ingawa jibu lilikuwa lile lile kila siku.

Baada ya majuma kadhaa walinizoea, wakaanza kunichokoza. Wakataka kujua babu yangu wa saba ni nani. Nilipowaambia sijui, wallahi walinionea huruma ya kweli. Mmoja akajitolea kuniazima wa kwake.

Hodan hakucheka siku hiyo. Alikuwa msichana wa miaka kama tisa, aliyeletwa kambini na watu waliomwokota njiani, na sasa alilala kwa mama mmoja mwenye watoto wake sita. Aliandika kwa mkono wa kushoto. Walimu wenzangu walimhamishia chaki kulia, naye hungoja wageuke, akairudisha. Lakini kilichonishika zaidi kilikuwa babu yake. Mara ya kwanza nilimsikia akijiita Hodan Ali Warsame. Mwezi uliofuata, kwa muuguzi wa zahanati, akawa Hodan Ali Farah. Kwa mwalimu mwingine alikuwa Hodan Ali Guled, na nyuma ya kila babu alikuwa na safu nzima ya mababu, wamepangika sawasawa, hakosei hata mmoja. Nilianza kumfuatilia kama mtu anayefuatilia hesabu inayokataa. Mtoto wa watu ana babu wangapi?

Jibu lililetwa na shifta, majambazi wenye bunduki wa kule mpakani. Walikuja asubuhi, darasa likiendelea.

Risasi za kwanza zilitoka upande wa visima.

Watoto walilala kifudifudi kabla sijasema neno. Walijua kuliko mimi.

Hodan peke yake alisimama.

Alikwenda mlangoni pa hema, akasimama wima, mikono ubavuni. Nikamsikia anasema: Ali, Warsame, Jimale. Akasita, akaanza tena: Ali, Farah, Roble. Hapakuwa na mtu mbele yake.

Nikamvuta mguu, akaangukia juu yangu. Alikuwa bado anasema.

Waliiba walichoiba wakaondoka. Tulipotulia nilimkalisha nje, nikampa maji, nikamuuliza polepole. Aliniambia kama anayeeleza somo. Kaka yake Yusuf alimfundisha njiani, wakitembea. Warsame ni wa kizuizi chenye bendera. Guled ni wa watu wa gari lililokatwa juu. Farah ni wa pale kwenye daraja. Yusuf alimrudisha mwanzo kila alipokosea, hata alipolia kwa usingizi.

"Na wako wa kweli?"

"Huyo hapana sema, mwalimu. Huyo mbaya."

Sikumsukuma. Ila nina masikio. Siku kadhaa baadaye nilimkuta nyuma ya hema akiruka kamba aliyoisokota kwa nyuzi za gunia la unga. Wenzake walihesabu miruko kwa namba. Yeye aliruka kwa majina, chini ya pumzi: Ali, Abdi Gurey, Samatar, Liban. Gurey! Kwa Kisomali ndivyo anavyoitwa mtu wa mkono wa kushoto. Majina ya vizuizini hayakuwa na utani wowote ndani yake. Hili lilikuwa jina la mtu aliyewahi kuchekwa na jamaa zake akila. Nikautazama mkono wake, nikatabasamu peke yangu kama mwendawazimu. Aliponiona, akaikunja kamba akaenda zake.

Mwaka haujaisha, akaja mwanamume mwembamba mwenye kofia iliyofifia. Alikuwa akizunguka kambi hadi kambi akiuliza watoto wa ndugu yake Ali. Mzee wa sehemu yetu alimleta darasani, lakini alikuwa na msimamo, na simlaumu: walishakuja watu wakadai watoto wasio wao, wakaenda nao wakawafanye vijakazi. Kwa hiyo utaratibu ulikuwa mmoja. Mtoto aanze kutaja, mgeni asimtangulie hata kwa jina moja. Majina yakikutana, amchukue. Yasipokutana, mgeni aende zake. Na lori lake lilikuwa linaondoka adhuhuri.

Hodan alimtazama mtu yule, hakumtambua. Alikuwa mdogo sana walipoachana.

Mzee akamwambia ataje.

Akasema Warsame. Mgeni akatikisa kichwa. Akasema Farah. Mgeni akafumba macho, akashika mdomo wake kwa mkono. Mzee alianza kumshika bega amtoe nje, na mgeni machozi yanamshuka, jina liko pale ulimini na hana ruhusa ya kulisema.

Nami nilikuwa nalijua! Lakini ningelitaja mimi, lisingekuwa na maana.

Nikaichukua ile kamba ya gunia mfukoni mwa Hodan. Ncha moja nikaishika, nyingine nikampa mzee. Alinitazama kana kwamba nimempa nyoka.

"Zungusha, mzee wangu," nikamwambia. "Tafadhali."

Akazungusha, ndevu zake nyekundu za hina zikitikisika. Watoto wakaanza kucheka. Hodan akatutazama mmoja mmoja, akaingia kwenye kamba. Mara za kwanza aliruka tu, macho kwenye kamba. Kisha likatoka, kwa sauti ndogo: Ali. Abdi Gurey. Samatar. Liban. Hapo mgeni hakuweza kujizuia tena, akaingiza sauti yake, wakapanda pamoja jina kwa jina hadi juu kabisa.

Hodan akasimama. Akaweka mikono ubavuni, akafumba macho, akangoja.

Hakuna kilichotokea. Akafumbua jicho moja.

"Na Yusuf?" baba yake mdogo akauliza. "Yusuf yuko wapi?"

"Pale kwenye daraja," akasema Hodan, "Yusuf alisema majina haya."

Yule mtu akakaa chini mchangani, akavua kofia. Mzee aliendelea kuishika ncha yake ya kamba, hajui aiweke wapi. Lori lilipiga honi mara ya pili ndipo wakaondoka, na Hodan akanipungia kwa mkono wa kushoto.

Nimefundisha miaka mingi tangu wakati huo, sasa niko Garissa mjini, mtaa wa Galbet, na nimeona walimu hodari. Yusuf sikumwona, wala sijui alizikwa na nani. Namfikiria ninaposahihisha kazi za watoto. Alimkaririsha dada yake uongo wa aina tatu, wakiwa na njaa, wakiwa mbioni, hadi akauweza bila kosa. Na yeye mwenyewe, mara moja tu, akasema kweli.