Simu Zilizozimia

Kwa miaka kumi na sita mwanamke huyu alitengeneza simu chini ya ngazi za jengo moja la ghorofa, mahali penye nafasi ya meza, stuli mbili na mgongo wake. Wateja walimwita Fundi, wala hakutaka jina jingine. Neno moja tu hakulivumilia mezani pake: imekufa. “Imezimia,” angekurekebisha, kisha achukue mswaki mkuukuu aanze kusugua. Na kweli, nyingi zilizinduka.

Hayo yalikuwa kabla mdogo wake hajafungua duka ng’ambo ya barabara. Duka la vioo na kiyoyozi, na bango kubwa: Leta kuukuu, ondoka na mpya. Vijana wakajaa humo, kila mmoja akitaka kamera kali kuliko ya mwenzake. Fundi akabaki na wazee wenye simu za vitufe, ambao nao walikuja zaidi kupiga soga.

Fundi aliona wivu. Tusimsingizie, hoja alikuwa nayo: simu zinazobadilishwa kila mwaka lazima ziishie mahali, na betri ikitupwa mtaroni sumu yake huingia kwenye maji. Aliyekaa kwenye stuli alihubiriwa hayo, atake asitake. Ila Fundi hakuyasema hata mara moja bila kutupia jicho foleni ya ng’ambo.

Jumatatu moja binti yake, mwanafunzi wa chuo, alirudi nyumbani na simu mpya.

“Ile ya zamani iko wapi?” Fundi aliuliza.

“Imekufa, mama. Mama mdogo kaitia kwenye pipa.”

Roho ilimuuma. Simu ile aliitengeneza mara tatu kwa mikono yake, na kioo alikibadilisha siku binti alipofaulu mtihani. Sasa hata mwanawe kavuka barabara.

Asubuhi alizunguka nyuma ya duka la mdogo wake, akalikuta pipa limejaa simu pomoni. Akaipata simu ya binti, akachokoa tundu la chaji kwa sindano. Kikatoka kidonge cha vumbi la mfukoni, basi. Alipoichomeka kwenye chaji, ikawaka. Akaingia nayo dukani mbele ya wateja.

“Unazika wazima,” alimwambia mdogo wake.

Mdogo mtu hakukasirika, na hilo lilimchoma zaidi. “Dada, mimi sizipimi. Wateja wakisema wamezichoka, nazipokea. Hata binti yako alisema hivyo hivyo.”

Jioni Fundi alimbana binti. “Mbona ulinidanganya?”

“Ningekwambia nimeichoka, ungeitengeneza.”

Kesho yake mdogo wake alikuja chini ya ngazi, mara ya kwanza tangu afungue duka, na binti akiwa nyuma yake. “Dada, lichukue lile pipa lote, bure. Jumamosi linakwenda kuchomwa dampo, na wewe unaweza kuzizindua.”

Simu zaidi ya mia, kazi ya mwaka mzima. Mikono ilimwasha Fundi, na alikwisha kufungua mdomo akubali. Ndipo akamwona binti yake akitabasamu, akajua wazo ni la nani. Kumbe hawa wawili walikaa wakamjadili, wakamwonea huruma.

“Mimi sili makombo,” alisema.

Jumamosi mkokoteni ukalibeba pipa hadi dampo, nyuma ya majengo. Haikupita saa, moshi mweusi wa plastiki ukaingia chini ya ngazi na kutua juu ya meza. Binti alikuja akaketi kwenye stuli ya wateja, macho yamemwiva.

“Mama, wewe ndiye unayetuhubiria kila siku. Kwa nini ulikataa?”

Fundi angeweza kusingizia mgongo, au nafasi, au wingi wa kazi. Lakini meza ilikuwa tupu na binti alikuwa anaiona.

“Kwa sababu zilikuwa za mdogo wangu,” alisema, akaanza kukohoa.