Kaseti Iliyobaleghe

Kaseti hii bado inanukia udi, ingawa huenda ni kumbukumbu yangu ndiyo inayonukia. Nimeinusa mara kadhaa badala ya kuifungua tasnifu yangu, niliyorudishiwa na msimamizi niiandike upya.

Katika fleti yetu ya utotoni, mtaani Darsait, kaka yangu alikuwa ameacha kuzungumza mbele ya watu tangu sauti yake ilipoanza kukwaruza. Bendi aliyoipenda ya roki ya Kimarekani ndiyo iliyopiga makelele kwa niaba yake. Kaseti yao mpya ilipofika, magitaa yalikuwa yamepoa, na mwimbaji aliimba karibu kwa kunong'ona.

"Si wao hawa!" alisema kaka, akaichomoa redioni ili aitupe.

Bibi, aliyekuwa akifukiza kanzu zetu kwa udi, alisimama na chetezo mkononi.

"Ndo wao, baba. Nnawajua, wamenipasua kichwa siku zote. Washabaleghe tu. Na yako sauti itatua, inshallah. Hebu irudishe."

Kaka alicheka, kicheko kikaanza kizito, kikaishia chembamba, wala hakuziba mdomo. Aliigeuza kaseti upande wa pili, akairudisha redioni, akaanza kumfuatisha mwimbaji.