Firigisi ya Mwenyekiti

Aibu hii nimeificha miaka mingi, na hata leo nikiisimulia masikio yanapata moto, lakini nyinyi mmenishikilia niseme, kwa hivyo sikilizeni na mcheke mmalize.

Mwaka wa tisini na nne nilikuwa nafundisha insha darasa la saba, shule moja karibu na Iguhu, kijana ambaye hajasomea ualimu, nikingoja barua ya kunipendekeza niende chuo. Barua hiyo ilihitaji sahihi ya mwenyekiti wa kamati ya shule, Mzee Lihanda, mtu mkali, na mjukuu wake Muhonja alikuwa darasani mwangu. Sasa watoto wale walikuwa wamekaririshwa insha, kila mmoja anaanza na jogoo kuwika na jua kuchomoza (hata insha ya mazishi!), nikachoka, nikawaambia waandike kitu walichokiona kwa macho yao, wasiongeze, wasipunguze. Wakaanza kuandika mambo ya ajabu, mpaka madaftari nikawa nayasoma njiani nikienda nyumbani.

Siku ya wazazi Muhonja akaniambia ana insha mpya. Ningeisoma kwanza, ni dakika tano tu, lakini nilitamani kuisikia kwa mara ya kwanza pamoja na watu, nione itanishika vipi, basi nikamsimamisha mbele.

Akasoma kwa sauti safi: "Nyanya alipotoka kuchota maji ya kunawa, mgeni alifunua bakuli la babu. Alinusa. Aliangalia mlango. Kisha akala imondo."

(Kwa wasiojua, imondo ni firigisi, na kwetu firigisi ya kuku ni ya mwenye nyumba, hata akiwa safarini inamngoja.) Mgeni ni mimi. Nilikuwa nimeenda kuzungumza na nyanya yake kuhusu masomo, mzee hayuko, bakuli limefunikwa, nikajiambia nafunua tu nione kuna nini. Muhonja hakutaja jina, lakini alieleza shati la mistari lenye kifungo kimoja cheusi, na shati lenyewe ndilo nililovaa siku hiyo. Akaendelea kwamba babu aliporudi aliuliza imondo yake, nyanya akasema imeliwa na paka.

Mzee Lihanda akainuka polepole.

"Kumbe paka nilimpiga bure," akasema. Kisha akanigeukia. "Mwalimu, insha kama hii unapatianga ngapi?"

Nikaona barua yangu inapotea. Nikisema insha ni mbaya, nimeua yote niliyomfundisha mtoto, nikisema ni nzuri, nimekiri mbele ya kijiji kizima. Muhonja alikuwa ananitazama, amekumbatia daftari.

"Thelathini na nane kwa arobaini."

"Na hizo mbili?"

"Amesahau shingo."

Watu walicheka wakashika mbavu, mwalimu mkuu akajifanya anakohoa, lakini mzee hakucheka. Sahihi alitia, baada ya wiki mbili, ila aliniita niifuate kwake saa ya chakula, kuku ananukia jikoni, nikaletewa chai kavu bila hata kiazi, nikainywa yote na kushukuru. Tangu hapo insha naisoma kwanza, na bakuli la watu likifunikwa naliacha hivyo hivyo, ingawa, jamani, bado natamani kujua kuna nini ndani.