Anayechunga Mikono Isikwame Hewani

Saa saba na nusu mchana, saa ambayo ofisi nyingi zimebaki na viti tu, Kiduara anapiga simu. Amevua viatu. Simu iko mezani, sauti ameifungulia nje, na pembeni kuna kikombe cha chai alichokisahau tangu asubuhi.

Upande wa pili anapokea mhudumu mchangamfu wa kampuni inayokodisha seva, zile kompyuta kubwa zinazohifadhi na kurusha video mtandaoni. Kiduara anamwacha aisifu mitambo yao mpaka pumzi imwishie, kisha anauliza swali lake.

"Samahani kaka, mara ya mwisho nyie mlizimika lini?"

"Sisi? Sisi hatujawahi kuzimika, dada yangu. Hata sekunde moja."

"Haya, asante sana. Mchana mwema."

Anakata. "Huyo basi," anasema. "Mtu anayekwambia hajawahi kuugua, ama ni muongo ama bado hajazaliwa."

Muda huu wa chakula ameuchagua makusudi. "Asubuhi kila mtu ana bidii," anaeleza. "Mimi nataka kujua nani anapokea simu wakati wenzake wanatafuna."

Jina alilopewa na wazazi wake lipo, ila halina kazi. Kiduara ni jina la viziwi, wanaolitaja kwa kuzungusha kidole kimoja hewani taratibu, kama kile kiduara kinachozunguka kwenye kioo cha simu video inapogoma. Walimpachika mwaka wake wa kwanza kazini, video zilipokuwa zikigoma kuliko kucheza. "Ningeweza kuitwa vibaya zaidi," anasema, na kwa ninavyowajua wanaomtania, ni kweli.

Kazi yake ni kuendesha mitambo ya darasa dogo la mtandaoni ambamo wazazi wanaosikia hujifunza lugha ya alama, ili waweze kuzungumza na watoto wao viziwi. Mwalimu ni kaka yake mkubwa, naye ni kiziwi tangu utotoni. Kaka hufundishia chumba cha juu, mbele ya pazia la kijivu. Dada hukaa chumba cha chini na nyaya zake. Akimhitaji Mwalimu hubonyeza swichi ya ukutani, na balbu ya juu huwaka na kuzimika. Mwalimu akiwa hataki kusumbuliwa, huifungua hiyo balbu na kuitia mfukoni.

Familia arobaini na moja zinategemea chumba hicho. Mshahara wa Kiduara, kwa maneno yake mwenyewe, unatosha wiki tatu. "Ya nne tunaishi kwa imani."

Siku niliyomkuta akipiga simu hizo, zilikuwa zimebaki wiki tatu muhula mpya ufunguliwe, Jumamosi alasiri. Muhula uliopita ulikuwa umeharibika vibaya. Familia tatu ziliondoka, na nyingine ziliandika kwamba zingeangalia somo moja tu, likikwama nazo zinaaga. Mmoja wa walioandika hivyo alikuwa fundi mwashi, baba anayemlea peke yake binti wa miaka sita. Wiki nzima huwa kwenye majengo ya mbali, mtoto akibaki kwa shangazi yake. Jumamosi tu ndiyo hukaa naye, wawili mbele ya simu moja iliyoegemezwa kwenye kikombe.

Fundi aliniambia kwa simu, kelele za nyundo zikisikika nyuma yake: "Mimi nilidhani ni kichwa changu kizito. Mwalimu anaonyesha alama, mimi naona mkono uko hapa, halafu ghafla uko kule. Katikati sijaona kitu. Mtoto ananitazama, namtazama. Nikasema basi, labda haya mambo si ya watu kama sisi."

Kiduara alipoyasikia hayo hakulala vizuri. Kosa halikuwa la kichwa cha fundi.

Kampuni ya zamani ilikuwa imetangaza seva "isiyo na kikomo". Kiduara aliikodi nzima, iwe ya darasa peke yake. Lakini kukodi seva nzima, anasema, ni kama kupanga nyumba nzima: mlango ni wako, vyumba ni vyako, ila bomba la maji bado ni la mtaa. Kadiri video zinavyotazamwa ndivyo maji yanavyotoka, na mwenye bomba anaweza kulikaza bila kubisha hodi. Kwenye masharti, chini kabisa, kulikuwa na maneno "matumizi ya kiasi". Kiasi gani, haikuandikwa.

"Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza," anasema. "Na ile ilijitembeza sana."

Alichukua muda kugundua. Mwanzoni mwa mwezi darasa lilikwenda vizuri, mwishoni likachechemea. Alilaumu mvua. Alilaumu simu za wazazi. Ndipo alipoona kwamba mvua haina kalenda, na hitilafu ilikuwa nayo: kila mwezi ulipopita siku ya ishirini, kasi ilishuka. Wazazi hurudia somo moja mara tano au sita, data ilikuwa ikiisha, na kampuni ilikuwa ikilibana darasa kimyakimya.

Hapo akafanya kosa ambalo hulisimulia huku amejishika shavu. Ili video zitumie data kidogo, alizipunguza picha zinazopita kila sekunde. Kisha akazikagua kama mtu anayesikia anavyokagua: alivaa vipokea sauti, akaendelea na kazi nyingine, akiisikiliza sauti yake mwenyewe inayowatafsiria wazazi. Sauti ilikuwa safi. Akaridhika.

Siku ya pili Mwalimu aliteremka ngazi, akasimama mbele ya meza yake na kumwambia kwa mikono: "Umenitia kigugumizi."

"Sauti iko sawa," dada akajibu.

"Sauti ni yako. Mimi nasema kwa vidole, na vidole vyangu umevila."

Ilikuwa hivyo hasa. Picha zilizopunguzwa zilikuwa zimemeza katikati ya kila alama, na katikati ndiko maana inakokaa. Kiduara hakubisha. Alivua vipokea sauti, akavifungia kwenye droo, na tangu siku hiyo hukagua kila video ikiwa kimya.

Basi mchana ule, baada ya kampuni tatu ambazo hazijawahi kuzimika, alipokea mtu wa nne mwenye sauti ya uchovu. Alikuwa fundi wa zamu. Mhudumu alikuwa amekwenda kula.

"Mara ya mwisho mlizimika lini?"

"Wiki mbili zilizopita, Jumanne. Kwa muda wa saa mbili hivi. Umeme ulikatika, jenereta ikawaka vizuri, lakini swichi ya kuhamisha ikagoma. Ilipaswa kukaguliwa mwezi uliotangulia, hatukuikagua. Kosa letu."

Kiduara alikaa wima. "Na kikomo cha data?"

"Kipo, mama. Terabaiti kumi kwa mwezi. Ukikaribia tunakupigia. Hatukubani mpaka tumeongea."

"Mficha maradhi kifo humuumbua," Kiduara aliniambia baadaye. "Huyu alinionyesha kidonda chake mwenyewe. Nikasema, na tumjaribu."

Majaribio yake hayafanani na ya vitabuni. Ana rafiki, fundi cherehani kiziwi anayeishi ng'ambo ya mji na mwenye macho makali kuliko sindano zake. Jioni, saa ambayo kila mtu yuko mtandaoni, Kiduara hukusanya simu za majirani, na kuzifungulia zote video kwa pamoja ili seva ielemewe. Kisha Mwalimu husimama mbele ya kamera na kutaja maneno ishirini kwa herufi za vidole, haraka, bila mpangilio. Fundi cherehani hutazama kutoka kwake na kutuma kwa ujumbe kile alichokisoma.

Kwa kampuni ya zamani, mwisho wa mwezi, alisoma maneno kumi na moja. Kwa hii mpya ujumbe wake ulisema: "Yote ishirini. Mwalimu abadilishe shati."

Mwalimu, aliyekuwa ameteremka kuusoma ujumbe, aliliangalia shati lake. Alipanda juu.

Kila kitu kilikwenda vizuri hadi Alhamisi, siku mbili kabla ya darasa. Nilikuwepo. Simu iliita, na ile sauti ya uchovu ikasema, "Mama, seva yako imezimika sasa hivi. Ni kifaa cha mtandao kimeungua. Tunacho kingine, niko nacho mkononi. Nipe dakika kumi." Kiduara alikuwa hajajua chochote. Alikaa mikono ikiwa mapajani mpaka taa ya kijani ilipowaka tena kwenye kioo chake.

Mwalimu, aliyekuwa amesimama ngazini akiona kila kitu usoni mwa dada yake, aliuliza, "Turudi kule kwa wale wa zamani?"

"Kule wangezima na kunyamaza."

"Una uhakika Jumamosi haitazimika?"

"Sina," alisema dada. "Nina uhakika watanipigia, basi."

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Jumamosi Kiduara alifika asubuhi ingawa darasa ni alasiri, akafagia chumba mara mbili, na kunifukuza kwenye kiti changu kwa sababu mguu wangu ulikuwa karibu na waya. Nilihamia dirishani, na sikuona haya kuhama.

Familia ziliingia moja baada ya nyingine, nyuso kwenye vijisanduku: bibi mwenye miwani, wazazi wakigombania nafasi, mapacha wasiotulia. Fundi mwashi aliingia na binti yake magotini, nywele za mtoto zikiwa zimesukwa upande mmoja tu. Shangazi alikuwa hajamaliza. Somo la siku lilikuwa kuuliza mtu anajisikiaje. Una furaha? Una hasira? Unaogopa nini?

Mstari unaopima data ulipanda. Kiduara aliuma ukucha. Mikono ya Mwalimu ilikwenda laini, kutoka mwanzo wa kila alama hadi mwisho wake.

Ikafika zamu ya fundi mwashi. Mikono yake ni mikubwa, imepasuka kwa saruji, na alama zake ni nzito. Alimgeuza mtoto amtazame, akauliza polepole: "Unaogopa nini?"

Binti alijibu papo hapo, kama mtu aliyekuwa akilingoja swali hilo. Mwalimu alimwomba fundi arudie alichokiona. Fundi akasema kwa mdomo, "Giza. Anasema giza." Mtoto aliendelea, na safari hii Kiduara alilazimika kutafsiri: "Ukizima taa, baba, siwezi kukuona ukisema."

Kila Jumamosi usiku, fundi alinieleza baadaye, alikuwa akimzimia taa mapema ili apate usingizi mzuri, na kila Jumamosi mtoto alilia. "Nilidhani ni deko. Miaka yote hiyo mtoto wa watu nilikuwa namfungia mlango usoni."

Taa ya chumba hicho haizimwi tena mpaka mtoto mwenyewe afumbe macho. Darasa lilifika mwisho bila kukwama. Kiduara alimpigia fundi wa zamu kumshukuru, na yule mtu, asiyezoea kupigiwa simu za shukrani, aliuliza mara mbili kama kuna tatizo.

Sasa Kiduara anapanga darasa la pili, la mabibi na mababu, kwa kuwa wao ndio wanaokaa na watoto mchana. Ameshauliza data iliyobaki kwa mwezi. Inatosha, akijibana kidogo, na safari hii atajibana kwingine, si kwenye picha.

Nilimuuliza kwa nini mabibi.

"Mama yetu alizijua alama tatu tu," alisema. "Njoo, kula, lala. Hakuna aliyemfundisha zaidi, mpaka amekufa. Alimpenda kaka kuliko sisi wote, na hakuwahi kumuuliza kitu."

Mwalimu alikuwa ameteremka na kukaa kwenye ngazi ya mwisho. Nilimwomba dada amuulize: kama mama angejua alama, yeye angemwambia nini mama yake?

Mikono ya Mwalimu ikasema jambo refu kidogo. Kiduara alianza kucheka kabla hajamaliza kutazama.

"Anasema angemwambia, mama, mchuzi wako una chumvi sana. Miaka yote hiyo nilikuwa nakula kwa sababu sikujua nikuambieje." Alicheka tena, akafuta macho kwa kiganja. "Na ni kweli. Ulikuwa na chumvi. Tuliosikia tulilalamika kila siku, naye akatupunguzia sisi kwa maji ya moto sahanini. Kwenye sahani yake huyu hakupunguza kamwe. Alidhani anaupenda."

Darasa la mabibi linaanza mwezi ujao, Jumatano mchana. Tayari tisa wamejiandikisha.